Habari za Booker T. Washington wa Tuskegee

Mwezi huu twawaletea wasomaji habari za Booker T. Washington, mtu mweusi wa Marekani, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia mwaka 1856. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865 alikuwa mtoto bado. Akafanya kazi katika tanuru za chumvi na mashimo ya makaa, na mwaka 1872 akafunga safari ya maili 500 hivi, nyingine kwa miguu, hata akafika chuo cha Hampton, akasoma, akawa mwalimu.

Wakati huo katika mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama, alikuwako fundi bati mweusi, jina lake Lewis Adams, naye alikuwa mtumwa zamani. Mwaka 1880 Bwana W. F. Foster, aliyetaka kuchaguliwa katika baraza la jimbo, alimwendea kuomba kura za watu weusi. Adams hakujitakia fedha. Alitaka chuo cha walimu kwa watu wake. Basi Foster akachaguliwa, na mwaka 1881 serikali ya jimbo ikatoa ruzuku ya dola 2,000 kila mwaka. Washington akaitwa awe mkuu wa chuo.

Alipofika hakuona chuo. Ruzuku ile ilikuwa ya mishahara ya walimu tu. Kiwanja hakuna, nyumba hakuna. Tarehe 4 Julai, 1881, akaanza na wanafunzi 30 hivi katika kibanda kibovu karibu na kanisa. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja alimshikia mwalimu mwavuli. Kisha akakopa fedha, akanunua shamba, nao wanafunzi wakafyeka, wakalima, wakajenga. Walipochoma matofali, tanuru tatu ziliharibika. Washington akaweka saa yake rehani kwa dola 15, na tanuru ya nne ikafaulu. Mwaka 1883 ruzuku ikaongezwa, ikawa dola 3,000.

Lakini mwaka 1901 katiba mpya ya Alabama iliwanyang'anya karibu watu weusi wote kura, ile kura iliyokizaa chuo. Wengine, kama W. E. B. Du Bois, walimlaumu Washington kwamba aliwanyenyekea wakubwa mno. Hawakujua ya kuwa kwa siri alitoa fedha ili katiba ile ipingwe mahakamani. Hata hivyo kesi ilishindwa.

Akafa tarehe 14 Novemba, 1915. Aliacha majengo zaidi ya 100 na wanafunzi 1,500 hivi, na chuo kingali kipo hata leo. Tumkumbukapo Washington, tusimsahau Adams, fundi aliyeijua thamani ya kura yake.