Sadaka Ndogo Iliyofika Wajir

Juma hili tunamtazama mwanamke ambaye hakuwa mhubiri, hakuwa mtawa, wala hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa Mkatoliki wa kawaida. Jina lake ni Annalena Tonelli.

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 mjini Forlì, Italia, akasomea sheria. Angeweza kufungua ofisi ya uwakili akala jasho lake kwa amani. Lakini tangu ujana alikuwa anashinda kwenye mtaa wa maskini wa mji wao, na mwaka 1963 yeye na wenzake wakaanzisha kamati ya kupigana na njaa duniani. Ikumbukeni hiyo kamati, tutairudia.

Mwaka 1969 akaja Kenya kama mwalimu, na baadaye akafika Wajir kufundisha sekondari. Kaskazini Mashariki wakati ule ilikuwa bado chini ya sheria ya hali ya hatari. Kutumwa huko watu waliona kama adhabu. Na yeye ni mzungu, kijana, Mkristo, tena hana mume! Wenyeji hawakujua wamweke wapi. Akakaa tu, akajifunza Kisomali.

Kutoka darasani aliona wagonjwa wa TB wakiachwa hata na jamaa zao. Shida ilikuwa hii: mfugaji akipata nafuu kidogo anafuata ngamia wake, dawa inaishia njiani, ugonjwa unarudi na nguvu zaidi. Mwaka 1976 akapewa kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani. Akawaruhusu wagonjwa wajenge vibanda vyao karibu na kituo, wameze dawa mbele ya macho ya mhudumu kwa miezi sita. Ndiyo ile TB Manyatta. Leo dunia nzima inatibu TB kwa njia inayofanana na hiyo.

Na pesa je? Hapa ndipo kamati inaporudi. Hakuwa na shirika kubwa nyuma yake. Kwa miaka mingi hakula mshahara. Kilichomweka ni michango ya ndugu na marafiki wa Forlì, watu wa kawaida kabisa, wanaokusanya vitu vilivyotumika na kuviuza. Sadaka kama ya yule mjane wa hekaluni, ila hii ilikuja mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Kusema ukweli, sisi tunapenda harambee ya siku moja yenye hema na spika. Darasa linajengwa, linapakwa rangi, na ndani hamna mwalimu.

Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla. Annalena alibeba majeruhi, akasaidia kuzika maiti, akahakikisha habari zinatoka nje. Mwaka 1985 akafukuzwa Kenya.

Akaenda Somalia, katikati ya vita, na mwaka 1996 akafika Borama. Huko alijenga hospitali ya TB, na wagonjwa wakiwa kwenye matibabu walifundishwa kusoma na kuandika. Akafungua pia shule ya watoto viziwi na wenye ulemavu, wale waliokuwa wakifichwa nyumbani. Pesa ni ile ile ya marafiki.

Kuna jambo linalotusumbua wengi: hakuwahubiria wabadili dini. Nami lilinisumbua. Halafu nikafikiria walimu wetu waliouawa kwenye basi la Mandera mwaka 2014, na vijana wa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, siku ambayo huyu mama angetimiza miaka 72. Baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakaondoka, na siwalaumu hata kidogo. Lakini mtoto wa Wajir alibaki na daftari tupu. Je, tungemtumia mia mbili kila mwezi, tukijua hatatia mguu kanisani kwetu? Annalena na watu wa Forlì walishajibu.

Juni 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo ya Nansen kwa kazi yake. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi ndani ya uwanja wa hospitali yake, akafa. Alikuwa na miaka 60.

Shule ya viziwi ya Borama haikufungwa.