Bruce Bairnsfather: Mchora vibonzo aliyewachekesha askari mahandakini

Kadi za posta, sahani na vikombe vyenye sura ya askari mzee mwenye masharubu mazito bado vinasakwa na wakusanyaji wa vitu vya kale nchini Uingereza. Askari huyo, Old Bill, hakuwahi kuishi. Aliyemchora ni Bruce Bairnsfather.

Bairnsfather alizaliwa Julai 1887 mjini Murree, wakati huo India, leo Pakistan. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi. Yeye mwenyewe aliingia jeshini, akaacha ili ajifunze uchoraji, lakini sanaa haikumpa riziki, akageukia kazi ya umeme.

Vita vilipozuka 1914 alirudi jeshini na kupelekwa Ubelgiji na kikosi cha Royal Warwickshire. Krismasi ya mwaka huo alikuwa miongoni mwa waliotoka mahandakini kusalimiana na Wajerumani. Aprili 1915, katika mapigano ya Ypres, kombora lililipuka karibu naye, likamwumiza masikio na kumwachia mshtuko.

Tayari jarida la The Bystander lilikuwa limeanza kuchapisha vibonzo vyake. Novemba 1915 kikatoka kilichovuma kuliko vyote: askari wawili wamejibanza shimoni, makombora yanapita juu, na mmoja anamwambia mwenzake yuko huru kutafuta shimo lililo bora zaidi.

Baadhi ya wakubwa walikasirika, wakisema anawachora askari kama watu wachafu na wasio na adabu. Askari wenyewe walicheka, kwa sababu waliyaona maisha yao. Mwishowe jeshi lilimpa kazi rasmi ya kuchora, hata kwa majeshi ya washirika.

Vita hivyo vilipita pia Uwanda wa Ruzizi, ilipo Sange. Juni 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliuvuka mto Ruzizi na kuiteka Usumbura, na Septemba yakaingia Tabora, mizigo ikiwa vichwani mwa maelfu ya wapagazi. Hao hawakupata Old Bill wao.

Katika Vita Kuu ya Pili, Bairnsfather aliwachorea wanajeshi wa Marekani waliokuwa Ulaya. Alifariki Worcester tarehe 29 Septemba 1959, akiwa na miaka 72. Hadi leo, wengi wanaomtambua Old Bill hawalijui jina la aliyemchora.