Akii-Bua: Bingwa wa viunzi aliyeponzwa na siasa

JINA la John Akii-Bua haliwezi kukosekana inapoandikwa historia ya michezo Afrika Mashariki. Ndiye aliyeipatia Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki, mwaka 1972. Hata hivyo, safari yake ya kutoka ubingwa hadi ukocha inaonyesha jinsi siasa zinavyoweza kumpokonya mwanamichezo kile ambacho wapinzani wake uwanjani walishindwa kumpokonya.

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949 katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, akiwa mmoja wa watoto zaidi ya 40 wa chifu aliyekuwa na wake kadhaa. Baba yake alipofariki, kijana huyo aliacha shule na baadaye akajiunga na Polisi mjini Kampala.

Huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Jorem Ochana, ofisa wa polisi aliyekuwa mrukaji viunzi hodari, alimfundisha hatua za mwanzo, kisha akanolewa na Malcolm Arnold, Mwingereza aliyekuwa kocha wa timu ya taifa. Mwaka 1970 alishika nafasi ya nne katika mbio za meta 400 kuruka viunzi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh.

Siku yake kuu ilikuwa Septemba 2, 1972, mjini Munich. Katika fainali alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo kona zake kali humsumbua mkimbiaji mwenye hatua ndefu. Bingwa mtetezi, David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, alianza kwa kasi. Akii-Bua alimpita na kumaliza kwa sekunde 47.82. Alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48.

Serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo na kumpa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikapewa jina lake. Lakini Akii-Bua alitoka katika kabila la Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971, na watu wengi wa kabila hilo waliuawa na askari wa utawala huo. Bingwa akawa anapeperusha bendera ya serikali iliyowaangamiza watu wa kwao.

Mwaka 1976 alitarajiwa kutetea taji lake mjini Montreal dhidi ya Edwin Moses, kijana machachari wa Marekani. Pambano hilo halikufanyika. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ziarani Afrika Kusini, nchi ya ubaguzi wa rangi, na New Zealand haikuzuiwa kushiriki Olimpiki. Nchi nyingi za Afrika zikasusia, zikiwamo Uganda, Kenya na Tanzania, ambayo nayo ilimkosa Filbert Bayi. Moses alishinda kwa sekunde 47.64 na kuichukua rekodi ya Akii-Bua.

Sababu ya kususia ilikuwa ya haki, lakini gharama yake ilibebwa na wanamichezo ambao hawakuwa na kosa.

Vita vya Kagera vilipouangusha utawala wa Amin mwaka 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya, akajikuta katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kwenda Ujerumani Magharibi na kumpa kazi. Mwaka 1980 aliikimbilia Uganda katika Olimpiki ya Moscow, akatolewa katika nusu fainali.

Alirejea nyumbani mwaka 1983, akarudi polisi na kugeukia ukocha. Nchi ilikuwa bado katika vita, na riadha haikuwa na fedha. Wakati huohuo Arnold, kocha wake wa zamani, alikuwa kwao Uingereza akimwandaa Colin Jackson, aliyekuja kuweka rekodi ya dunia ya meta 110 kuruka viunzi. Ujuzi ulikuwa uleule. Mazingira ndiyo yaliyotofautiana.

Akii-Bua alifariki dunia mjini Kampala Juni 20, 1997, akiwa na umri wa miaka 47, na kuzikwa kwa heshima za kitaifa. Uganda ilisubiri miaka 40 tangu Munich kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki, ambayo Stephen Kiprotich aliipata katika marathoni ya London mwaka 2012. Dhahabu zilizofuata pia zimetoka katika mbio ndefu. Katika meta 400 kuruka viunzi, Uganda bado haijapata mrithi wa Akii-Bua.