Aliyewinda Ndege kwa Kamera

Katika Kiswahili twapiga risasi na twapiga picha. Kitenzi ni kimoja, na sisi wanaisimu tungeweza kukiacha hapo katika orodha ndefu ya vitenzi vyenye maana tele. Lakini palikuwa na mtu ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa ni kuzitenganisha maana hizo mbili. Jina lake ni nadra kutajwa katika shule zetu, ingawa sehemu ya kazi hiyo aliifanyia papa hapa Kenya. Nimeonelea basi niwasimulie habari zake walimu na wanafunzi, hasa wale wa Matsangoni na vijiji vinavyopakana na hori ya Mida, ambako siku hizi kijana mwenye simu ana kifaa chepesi kuliko chochote alichowahi kukishika bwana huyo.

Cherry Kearton alizaliwa mwaka 1871 katika kijiji cha Thwaite, kaskazini mwa Uingereza, kwenye jamii ya wafugaji wa kondoo. Kaka yake Richard, aliyemzidi kwa miaka tisa, alikuwa na kilema cha mguu tangu utotoni. Richard alitangulia London kufanya kazi katika kampuni ya uchapishaji, na Cherry akamfuata. Mwezi wa Aprili 1892, akiwa kijana wa miaka 20, Cherry alipiga picha ya kiota chenye mayai kwa kamera ya bei nafuu. Kwetu leo hilo si jambo la kutangaza. Zama zile, hata hivyo, aliyetaka kumjua ndege alimtungua kwa bunduki, akamkausha na kumweka kabatini, na mayai yakakusanywa kwa mamia na watu waliojiita wapenzi wa maumbile. Picha ile iliwaonyesha ndugu hao kwamba mayai yaweza kubaki kiotani, na msomaji aliye mbali akayaona vilevile. Mwaka 1895 walitoa kitabu juu ya viota vya ndege wa Uingereza, kilichopambwa kwa picha zilizopigwa porini penyewe.

Kamera ya wakati huo ilikuwa sanduku zito, na kila picha ilihitaji bamba lake la kioo. Lenzi za kuvuta kilicho mbali hazikuwa kama hizi tulizo nazo, kwa hiyo mpigapicha hakuwa na budi kumkaribia ndege hatua chache tu. Hapo ndipo ulipozaliwa ule mfano wao mashuhuri wa mwaka 1900: ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa juu ya kiunzi cha mbao, ndani yake mtu na kamera, amesimama saa nzima akingoja ndege amzoee. Husimuliwa kwamba siku moja Richard alizimia kwa joto humo ndani, ng'ombe akaanguka miguu juu, na Cherry alipofika alimpiga picha kwanza ndipo akamwokoa. Mwaka huohuo Cherry alizinasa sauti za ndege wa porini kwa mashine ya silinda za nta, jambo ambalo karibu hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake.

Mwaka 1909 alifika Afrika Mashariki na kamera ya filamu. Ndio wakati ambapo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani, alikuwa akizunguka nchini na msafara uliokusanya vielelezo vya wanyama zaidi ya 11,000, wakubwa kwa wadogo, kwa ajili ya makumbusho. Kearton alimpiga picha za filamu rais huyo wa zamani. Lakini kabla filamu yake haijaonyeshwa, kampuni ya Selig ya Chicago ilikuwa imekwisha kununua simba mzee, ikamwingiza studioni, ikamvika mwigizaji mavazi ya Roosevelt na kumpiga simba risasi mbele ya kamera. Watazamaji walijaa kutazama uongo huo. Filamu ya kweli ya Kearton ilipotoka mwaka 1910, wengi waliiona imepooza, maana haikuwa na simba anayeanguka. Mwalimu anayetafuta kisa cha kuwaeleza wanafunzi juu ya picha bandia zinazotengenezwa sasa kwa kompyuta hahitaji kwenda mbali na mwaka huo.

Sidai kwamba alikuwa malaika. Mwaka 1910 alirudi Kenya kuwapiga picha Wamarekani waliokuwa wakiwakamata simba na vifaru kwa kamba wakiwa juu ya farasi, na siwezi kuuita mchezo huo heshima kwa mnyama. Vilevile Waafrika waliombebea vyombo na kumwonyesha njia wengi wao hawana majina katika kumbukumbu hizo. Ndege alitajwa hata kwa jina la Kilatini, lakini aliyemgundua akiwa majanini akaitwa mpagazi tu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alirudi tena, safari hii akiwa askari wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Baadaye aliishi miongoni mwa pengwini katika kisiwa kimoja cha Afrika Kusini, akaandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 1930. Alifariki London tarehe 27 Septemba 1940, alipoanguka nje ya jengo la redio ya BBC.

Ng'ombe yule wa ngozi anao jamaa yake Mida. Katikati ya mikoko limejengwa daraja jembamba la mbao, na mwishoni mwake kipo kibanda cha maficho kitazamacho matope. Wanaokwenda huko kwa subira wamo katika ukoo wa Kearton. Nina shaka na wale wanaowakimbilia ndege ili wawapate wakiruka kwa kundi. Sululu na wenzake wanaotoka kaskazini ya mbali huja kula hapa maji yanapokupwa, na kila mruko wa bure huwapotezea chakula kinachowajengea mafuta ya safari ya kurudi.

Picha hizo zina kazi pia nje ya darasa. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, katika wadi hiihii ya Matsangoni, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia kwao, na bahari, mikoko na viumbe wake vilikuwa miongoni mwa hoja. Katika mabishano ya namna hiyo, picha mia za mahali pamoja, zenye tarehe, zilizopigwa na wanafunzi mwaka baada ya mwaka, zina uzito ambao hotuba haina. Ningependa kila picha iandikwe jina la ndege kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, na jina la mzee aliyelitaja.

Atakayeanza na aanze kati ya Septemba na Aprili. Aingie kibandani maji yakiwa bado mbali na atulie, kwa kuwa bahari ikianza kujaa huwasukuma heroe, yangeyange na yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi alaye kaa, wakamsogelea wenyewe.