Maisha ya Askofu James Hannington

Maji ya Mto Waseges hupita katika bonde letu la Subukia, yakashuka mpaka Ziwa Bogoria. Katika ramani za zamani ziwa hilo liliitwa Hannington. Kwa kuwa vijana wengi hawajui jina hilo lilitoka wapi, tumeona vema kueleza habari za mwenyewe, maana maisha yake yana fundisho kwa kila aitwaye kumtumikia Mungu na watu wake.

James Hannington alizaliwa Uingereza tarehe 3 Septemba, 1847. Alipokuwa na umri wa miaka 15 aliacha shule, akatiwa katika ofisi ya biashara ya baba yake, lakini kazi ile haikumpendeza kamwe. Baada ya miaka kadhaa alikwenda kusoma Oxford, na mwaka wa 1874 akapewa ushemasi. Habari za wamisionari wawili waliouawa Ukerewe, karibu na mwisho wa mwaka 1877, zilimchoma moyo, akaanza kujiuliza kama Mungu hamwiti aje kushika mahali pao. Alikuwa na mke na watoto wadogo, kwa hiyo jambo hilo halikuwa jepesi.

Mwaka wa 1882 alijitoa kwa chama cha C.M.S., akasafiri toka Unguja hadi pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria. Homa na ugonjwa wa kuhara damu vilimshika hata akawa hawezi kutembea, akachukuliwa katika machela. Mwaka wa 1883 alirudi kwao. Hapo watu wengi wangalisema kwamba mlango umefungwa. Yeye hakujilazimisha wala hakukata tamaa. Alingoja afya yake irudi. Tarehe 24 Juni, 1884 akawekwa kuwa Askofu wa kwanza wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki, na Januari 1885 akafika Mombasa.

Aliwapa ushemasi Waafrika wawili, Ishmael Semler na William Jones. Jones alikuwa mtumwa utotoni mwake, akakombolewa, akasomeshwa Bara Hindi. Tarehe 23 Julai, 1885 Askofu na Jones walitoka Rabai pamoja na wapagazi wapata 200, wakashika njia fupi ya kupita nchi ya Wamasai na Bonde la Ufa, hata wakafika Mumias. Hapo Askofu alimwacha Jones na watu wengi, akaendelea na 50 tu.

Lakini Baganda walikuwa na imani ya tangu zamani kwamba adui atakayeiteka nchi yao atatoka upande wa mashariki. Tena habari za Wajerumani kujitwalia nchi karibu na pwani zilikuwa zimewatia hofu. Wamisionari waliokaa Buganda waliijua hatari hiyo, wakaandika kumwonya, ila onyo lao halikumfikia kwa wakati. Alikamatwa Busoga, akafungwa siku nane, na tarehe 29 Oktoba, 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga, akauawa pamoja na wapagazi wake. Wachache tu waliokoka. Joseph Balikuddembe, Mkatoliki aliyehudumu katika jumba la Kabaka, alimlaumu mfalme wake kwa mauaji hayo, naye akauawa mwezi uliofuata.

William Jones alingoja Mumias majuma mengi. Alipokwisha kupata hakika ya msiba, aliwakusanya watu, akawaongoza katika njia ile ndefu, wakafika Rabai Februari 1886, na mbele yao bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi. Huko Uingereza watu wapata 50 walijitoa kwenda kufanya kazi aliyoiacha Askofu. Mifupa yake ilizikwa Namirembe mwisho wa mwaka 1892.

Hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu. Lakini twaona kwamba kuitwa ni jambo moja, na kuijua njia ni jambo jingine. Wito wa Hannington ulipimwa kwa ugonjwa na kwa kungoja, nao ukasimama. Njia aliichagua yeye, kabla ya kupata neno la wale waliokaa kule alikokwenda, na gharama yake ililipwa pia na wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa. Basi mwanachama anayesikia moyoni kwamba Mungu amemtuma, na aombe, kisha aende kwa wazee na wenyeji akaulize habari za njia, maana mara nyingi uongozi wa Mungu hupitia vinywani mwao. Na yule anayeachwa nyuma kulinda watu na mizigo, kama Jones, asidhani kwamba hakuitwa. Yeye ndiye aliyewarudisha wengine nyumbani.