Mary Ann Shadd: Jina Lililotoka Mafichoni

Wahenga walituusia kwamba Mgala muuwe na haki yake umpe. Aghalabu haki hiyo huchelewa. Mary Ann Shadd alipewa yake mwaka wa 2024, Shirika la Posta la Kanada lilipotoa stempu ya kumuenzi, zaidi ya karne moja baada ya kufa kwake. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuchapisha gazeti Amerika Kaskazini.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1823 mjini Wilmington, Delaware, nchini Marekani, akiwa kifungua mimba wa watoto 13. Wazazi wake walikuwa Weusi huru katika jimbo la utumwa, na nyumba yao ilikuwa maficho ya watumwa waliotoroka. Familia ilihamia Pennsylvania, ambako alisomeshwa na waumini wa Kanisa la Marafiki, kisha akawa mwalimu.

Sheria ya mwaka wa 1850 iliruhusu watumwa watoro kusakwa hata katika majimbo huru. Hakuna Mweusi aliyebaki salama. Mwaka uliofuata Mary Ann alivuka mpaka hadi Windsor, Kanada, akafungua shule isiyobagua rangi.

Tarehe 24 Machi 1853 likatoka toleo la kwanza la gazeti lake, Provincial Freeman. Lilipinga utumwa, likawahimiza Weusi wajitegemee badala ya kuishi kwa kuombewa misaada. Hata hivyo, jina la mhariri lililotangazwa lilikuwa la Samuel Ringgold Ward, ilhali kazi ilifanywa na Mary Ann. Yeye alijiandika M. A. Shadd tu, na wasomaji wengi wakamwandikia barua wakidhani ni mwanamume. Ilipojulikana kuwa ni mwanamke, upinzani ulizidi, na mwaka wa 1855 akamwachia mchungaji mmoja kiti cha uhariri. Akiaga, aliwakumbusha wanawake weusi kwamba amewafyekea njia. Wala hakuitupa kalamu. Aliendelea kulitumikia gazeti hilo mjini Chatham hadi lilipozimika kwa ukata mnamo mwaka wa 1860. Mwaka huohuo alifiwa na mumewe, Thomas Cary.

Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, aliandikisha askari weusi upande wa serikali. Baadaye alihamia Washington, akafundisha mchana na kusomea sheria usiku, akahitimu katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka wa 1883, akikaribia miaka 60. Alifariki tarehe 5 Juni 1893.

Stempu ni karatasi ndogo mno. Lakini hii inabeba jina kamili, Mary Ann, bila kivuli cha mwanamume yeyote. Nasi tunaochapisha majarida vyuoni tujiulize: ni nani anayefanya kazi miongoni mwetu, ilhali jina linaloandikwa ni la mwingine?