Oliver Heaviside: Fundi wa telegrafu aliyeipa dunia neno impidansi

Oliver Heaviside alizaliwa London tarehe 18 Mei 1850 katika familia yenye kipato cha chini. Maradhi ya utotoni yaliudhoofisha usikivu wake, na alipofikisha umri wa miaka 16 aliacha shule. Hakusoma chuo kikuu. Hata hivyo, kila mhandisi anayebuni antena leo hutumia neno alilolibuni yeye mwaka 1886: impidansi, yaani jumla ya upinzani unaoukabili mkondo wa umeme unaobadilika.

Mwaka 1868 aliajiriwa katika huduma ya kebo ya telegrafu iliyopita chini ya Bahari ya Kaskazini kati ya Uingereza na Denmark, na kwa muda alifanya kazi Denmark kwenyewe. Mafundi wa kebo hiyo walikuwa na fumbo: waya ni ule ule, lakini ujumbe ulisafiri kwa kasi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Heaviside alilifumbua kwa hesabu. Chanzo hakikuwa hitilafu baharini, bali nyaya za nchi kavu na vifaa vya ncha moja kutolingana na vya ncha ya pili.

Mwaka 1874 aliacha kazi, akarejea nyumbani kwa wazazi wake na kuzama katika kitabu cha James Clerk Maxwell kuhusu umeme na sumaku. Hakuajiriwa tena. Ni yeye aliyezifupisha kanuni za Maxwell hadi kuwa nne zinazofundishwa vyuoni hivi leo.

Mwaka 1887 alionyesha kwamba laini ya simu ikiongezewa indaktansi, sifa ipatikanayo kwa kufunga koili, sauti inaweza kufika mbali bila kupotoshwa. William Preece, mtaalamu wa umeme wa Idara ya Posta ya Uingereza, aliamini kinyume chake na akazuia makala iliyobeba wazo hilo. Mwaka 1900 Michael Pupin alipata hataza ya koili hizo nchini Marekani, akailipwa fedha nyingi na kampuni ya AT&T. Heaviside hakuwa na hataza, wala hakufaidika.

Heshima zilikuja polepole. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1891, na mwaka 1922 akawa mtu wa kwanza kutunukiwa Medali ya Faraday. Alifariki dunia Torquay tarehe 3 Februari 1925, akiwa mpweke na mwenye kipato duni.

Somo la kebo ya Denmark lingali hai. Programu za kompyuta zinazoiga mawimbi ya sumakuumeme humtaka mhandisi ataje impidansi ya kila mlango ambamo ishara huingia na kutoka. Kipimo cha rejeo kilichozoeleka ni omu 50. Antena ya omu 75 ikipimwa kwa rejeo hilo, asilimia 4 ya nguvu huhesabiwa kuwa imerudi ilikotoka. Rejeo likiwa omu 75, hakuna kinachorudi. Antena ni ile ile, ila kipimo kimebadilika. Asiyetaja rejeo lake anaweza kukikataa kifaa kizima, au kukipitisha kisichofaa, kwa sababu ya tarakimu iliyosomwa vibaya.